Neno "Kazi" na Mwanafunzi wa Lubumbashi
Katika Kiswahili cha Lubumbashi, neno kazi lilipata kumaanisha hasa ajira ya mshahara katika kampuni. Hivyo likawa pia kitambulisho cha mtu. Hata mwanafunzi wa Chuo Kikuu, kilichofunguliwa mjini humo mwaka 1956, alirithi maana hiyo. Lakini Gécamines ilidhoofika katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa katika mpango ulioitwa wa hiari. Kitabu cha mwanahistoria Dibwe dia Mwembu (2001) chawataja, katika jina lake, "wana wa Shaba" walioachwa na baba yao. Basi kumwongoza mwanafunzi si kumwonyesha mwajiri tu, bali kumsaidia autambue ujuzi wake, ili jina la mwanajiolojia au mwalimu litokane na weledi, lisife pamoja na kampuni.