Friza haiui vijidudu, gandisha chakula mapema

Wali wa jana umebaki kwenye sufuria usiku kucha. Asubuhi unaunusa, unaona haujachacha, unauweka kwenye friza usipotee. Mzazi, wali huo umeshachelewa.

Nia yako ni njema. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya 2024 inaonyesha kuwa mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Kugandisha chakula kunaokoa fedha na mkaa. Lakini baridi ya friza haiui vijidudu vingi, inavilaza tu. Chakula kikiyeyuka, vinaamka na kuendelea kuzaliana.

Wali ni mfano mzuri. Mchele huweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa nje muda mrefu, bakteria huyo hukua na kutoa sumu isiyoharibika hata ukiupasha moto. Anayeula anaweza kutapika ndani ya saa moja hadi sita. Kwa mtoto mdogo, kutapika na kuharisha humaliza maji mwilini haraka.

Fanya hivi

Amua mapema. Tenga cha kuhifadhi kabla ya kula, kisha kiingize kwenye friji au friza ndani ya saa mbili tangu kiive. Kigawe kwenye vyombo vidogo visivyo na kina ili kipoe haraka. Ukichemsha kilo nzima ya maharage, gandisha kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja na uandike tarehe.

Yeyusha kwenye friji usiku kucha, siyo juu ya meza. Nyama ikiachwa nje, juu hupata joto wakati katikati bado ni barafu. Pasha fungu la mlo huo tu, mpaka litoe mvuke hadi katikati, na lisirudi kwenye friza.

Uji au chakula alichobakisha mtoto kwenye bakuli lake usikihifadhi. Kijiko kilichotoka mdomoni kimeshapeleka vijidudu humo.

Umeme ukikatika

Usifungue friza. Iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu takriban saa 24. Umeme ukirudi, chakula chenye vipande vya barafu bado kinaweza kugandishwa tena. Nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa, kikiwa kimeyeyuka na kupata joto kwa zaidi ya saa mbili, kitupe. Usikionje kwanza, kwa sababu vijidudu vingi vinavyodhuru havibadilishi harufu wala ladha.

Mtoto akiugua

Akiharisha au kutapika, anza kumpa maji ya ORS kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Mwahishe kituo cha afya ukiona macho yameingia ndani, amelegea, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu au kinyesi kina damu.

Leo usiku, kabla hujapakua, angalia sufuria. Kama chakula kitazidi, toa cha kesho sasa hivi kikiwa bado salama.