Tusiihukumu Betri Kabla ya Kuipima Chaja

Katika mambo yanayowatatiza vijana wetu siku hizi, na kuwatoa wazazi fedha pasipo haja, mojawapo ni hili la laptopu ambayo imetiwa umemeni, na taa ya chaja yawaka, walakini betri yake yapungua badala ya kuongezeka. Mwenye chombo hutazama pembeni mwa kioo akaona asilimia 80, baada ya saa moja akaona 60, kisha 40. Hapo husema, "Betri imekufa," akatoka mbio kutafuta nyingine. Twaliandika jambo hili kwa sababu lilitufika sisi wenyewe, na tuliulipia ujinga wetu kabla ya kulifahamu.

Kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa usanifu wa majengo, alikuwa amebakiwa na wiki tatu tu kuikabidhi chuoni kazi yake ya mwisho. Chaja iliyokuja na laptopu yake iliharibika, naye akanunua nyingine. Ncha yake iliingia barabara, taa ikawaka, naye akaridhika. Basi akawa aketi kuchora baada ya sala ya Isha, yapata saa mbili, hali betri imejaa. Hata ifikapo saa sita za usiku imesalia asilimia 20. Tulimwendea fundi mmoja, naye bila ya kupima kitu chochote akatuambia kwamba betri ni mbovu. Tukatoa fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya karo, tukanunua betri mpya. Usiku ule ule betri mpya ikafanya kama ilivyofanya ile ya zamani.

Lililotufumbua macho lilikuwa jambo dogo, nalo lilikuwa mbele yetu siku zote. Kila kijana alipoizima laptopu na kuiacha umemeni akalala, aliikuta asubuhi imejaa tele. Hata ile betri ya zamani ilikuwa ikijaa vivyo hivyo. Tukajiuliza: ikiwa betri haiwezi kupokea umeme, mbona yaupokea usiku chombo kikiwa kimezimwa? Na ikiwa chaja haitoi umeme, huo wa usiku watoka wapi?

Mfano wake ni birika la kutawadhia. Maji huingia kwa mfereji mmoja, na watu huchota. Wachotaji wakiwa wachache, birika hujaa. Wakija wengi kwa pamoja, wakachota zaidi ya yale yaingiayo, maji hushuka, hali mfereji wamimina bila kukoma. Hakuna atakayesema kwamba birika limepasuka. Laptopu nayo ni vivyo hivyo: chaja ndiyo mfereji, betri ndiyo birika, na kazi za chombo ndizo wachotaji. Chaja ikileta umeme mdogo kuliko utumikao, upungufu hutolewa katika betri kimya kimya.

Sasa tutazame hesabu. Juu ya chaja pana maandishi madogo. Litafute neno OUTPUT. Hapo pana idadi ya volti na idadi ya ampea. Zidisha moja kwa nyingine, upate wati. Chaja ya asili ya kijana wetu ilikuwa na volti 20 na ampea 3.25, yaani wati 65. Ile aliyoinunua ilikuwa na volti 20 na ampea 1.5, yaani wati 30 tu. Betri yake yachukua wati-saa 50, na kila saa moja ilikuwa ikipungua asilimia 20, nazo ni wati-saa 10. Basi chombo kilikuwa kikitumia kama wati 40, chaja ikatoa 30, na kumi zilizobaki zikachotwa betrini. Hesabu hii aiweza mtoto wa shule, wala sisi hatukuifanya mpaka fedha zilipokwisha kutoka mkononi.

Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu wafuate utaratibu, waanzie ukutani na kuishia kwenye betri, wala wasianzie mwisho.

Kwanza, soketi. Ekstensheni iliyolegea au swichi iliyozimwa na mtoto imekwisha kuwapeleka wengi kwa fundi bure. Itie chaja katika soketi nyingine, moja kwa moja ukutani, uone.

Pili, chaja. Linganisha wati zake na zile zinazotakiwa na laptopu, ambazo aghalabu huandikwa chini ya chombo au katika kijitabu chake. Ncha kuingia si dalili ya kufaa. Siku hizi ncha ya namna ya USB-C huingia katika simu na katika laptopu sawasawa, hali chaja ndogo ya simu ya volti 5 na ampea 2 hutoa wati 10 tu. Chaja yenye matundu mawili nayo aghalabu hugawa nguvu zake: ukitia simu kando ya laptopu, laptopu hupunguziwa. Kwa zile chaja za ncha ya duara, lazima volti ziwe sawasawa na za chombo. Wati zikizidi hazidhuru, kwani chombo huchukua kiasi cha haja yake. Tena ziko laptopu ambazo zisipoitambua chaja kuwa ni yao, hukubali kufanya kazi lakini hukataa kuijaza betri. Na kwa kuwa maandishi ya chaja bandia huweza kusema uongo, kipimo kizuri ni kuazima chaja ambayo twajua ni nzima.

Tatu, waya. Waya ya kawaida ya USB-C hupitisha ampea 3, ambazo kwa volti 20 ni wati 60. Anayehitaji zaidi ya hapo hana budi kupata waya ya ampea 5, ambayo ndani yake mna alama ya kujitambulisha kwa chaja. Iliyopindika au kuchubuka huenda ikapitisha kidogo kuliko hivyo. Tundu la laptopu nalo litazamwe: limejaa vumbi? Limelegea? Na je, ndilo tundu la kupokelea umeme? Maana si kila tundu la USB-C hupokea.

Nne, kazi na joto. Michezo, kuhariri video, na kioo kilichong'arishwa mpaka mwisho, yote hayo huongeza wachotaji. Punguza, kisha utazame kama hesabu yageuka. Wala usiiweke laptopu juu ya godoro au mto, kwani hapo matundu yake ya kupumulia huzibwa. Betri za lithiamu hazitakiwi kujazwa zikiwa na joto la kupita kama nyuzi 45, na chombo chenyewe huzuia kujaza mpaka zipoe.

Tano, mipangilio. Baadhi ya laptopu husimamisha kujaza kwenye asilimia 80 kwa makusudi ili betri idumu. Na nyingine huiacha ishuke kidogo kutoka 100 kabla ya kuanza kujaza tena. Hilo si ugonjwa, ni hifadhi.

Ukimaliza hayo ndipo uitazame betri. Izime laptopu, iache umemeni mpaka ijae, kisha ichomoe uitumie. Ikizimika baada ya dakika chache, au ikaruka ghafula kutoka asilimia 50 hadi 10, hapo betri yastahili kushukiwa. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport huandika taarifa yenye hesabu mbili: kiasi betri ilichoumbiwa kuchukua, na kiasi inachochukua sasa. Ikiwa ya pili imeshuka hata nusu ya ile ya kwanza, basi betri imezeeka kweli, na fedha ya kununua nyingine haikupotea.

Jambo moja halingoji utaratibu huu. Ukiona betri imevimba, au kifuniko cha chini kimeinuka, au kibao cha kuchapia kimepanda, chomoa umeme papo hapo na uzime chombo. Usiibonyeze, usiitoboe, wala usiitupe jalalani au motoni, kwani betri ya lithiamu huweza kulipuka moto. Ipelekwe kwa fundi anayejua kuiondoa.

Ama kijana wetu, tulimpatia chaja ya wati 65. Usiku wa kwanza alichora mpaka karibu na alfajiri, na asilimia 100 ikabaki pale pale. Kazi yake aliikabidhi kwa wakati. Lakini karo ya muhula uliofuata ilitubidi tuikope, na ile betri ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, tulikuwa tumekwisha kuiacha kwa fundi. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Lau tungesoma mstari mmoja wa maandishi madogo juu ya chaja, tusingalifanya israfu ile. Basi ewe msomaji, kabla hujafungua mkoba, igeuze chaja uisome.