Ngazi Isiyo na Moja

Kitendawili!

Mmesema "tega", basi natega: ngazi yangu haina moja, haina mbili, haina hata tano. Ya kwanza kukanyagwa ni 6 na ya juu kabisa ni 20.

Watoto wa mtaani kwetu hapa Rongai walihangaika nacho jioni nzima. Mmoja alisema ni ngazi iliyoliwa na mchwa kuanzia chini, jibu ambalo mpaka leo naona ni zuri kuliko la kwangu. Waliposhindwa nikadai mji. Wakanipa Nakuru. Nikakataa, Nakuru ni hapo tu, matatu moja. Wakanipa Mombasa. Nikaenda Mombasa, nikala samaki, nikaogelea, nikarudi na jibu.

Ngazi hiyo ni ya Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, aliyeanza kuitengeneza miaka ya 1960. Alitaka kujua mtu anayefanya mazoezi anajionaje mwenyewe: kazi ni nyepesi, ni nzito, au imemshinda? Na kwa nini 6? Kwa sababu moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 60 kwa dakika, na akijikamua hadi mwisho, kijana hukaribia 200. Ongeza sufuri kwenye namba ya ngazi, unapata makadirio ya mapigo. Nyinyi msiongeze sufuri. Moyo wa mtoto hupiga haraka kuliko wa mtu mzima hata akiwa amekaa, kwa hiyo chukueni ngazi, hesabu ya mapigo mwachieni Borg.

Namba 9 ni kutumwa dukani kununua unga bila kuambiwa ufanye haraka. Namba 13 ni kupanda mlima na mtungi wa maji. Unaweza, ila unausikia. Namba 17? Mahindi yameanikwa kwenye turubai, umecheza mbali, na matone ya kwanza ya mvua yamekupiga usoni. Mnazijua mbio hizo.

Asiyetaka namba atumie mdomo. Ukikimbia na bado unaweza kuimba ubeti wa kwanza wa wimbo wa taifa, hiyo ni kazi nyepesi. Ukiweza kupiga soga lakini wimbo unakatika, umefika katikati. Ukibakiwa na neno moja moja, uko juu. (Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, hapo si suala la ngazi tena. Simama, mwambie mtu mzima, hasa wewe mwenye pumu na vumbi letu hili.)

Sasa turudi Mombasa, maana sikwenda bure. Kule pwani, usawa wa bahari, hewa ni nzito. Ukipanda huku Bonde la Ufa inakuwa nyepesi: kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo kuliko ya kule, na moyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mgeni kutoka pwani akikimbia nawe kuelekea kreta ya Menengai, wewe utakuwa 12 naye atakuwa 16, na miguu yenu inakwenda sawasawa.

Ukingo wa Menengai ule mnaouona hapo una mita 2,278. Mexico City ina kama mita 2,240. Ndiyo kusema Olimpiki ya mwaka 1968, iliyofanyika huko, ilikimbiwa karibu juu ya Menengai.

Tarehe 20 Oktoba, fainali ya mita 1,500. Jim Ryun wa Marekani alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyemshinda katika mbio hizo. Alipiga hesabu yake: katika hewa nyepesi namna ile, dakika 3 na sekunde 39 zingetosha kushinda. Haikuwa hesabu ya kijinga. Alijua anayeanza kwa pupa mahali pa juu hulipa mwishoni.

Lakini mbele yake walikuwepo Wakenya wawili. Ben Jipcho aliondoka kwa kasi kubwa, mzunguko wa kwanza kwa kama sekunde 56, akijitoa ili mwenzake apate mwendo. Kisha Kipchoge Keino wa Nandi akaushika uongozi. Siku chache kabla alikuwa ameanguka katika mita 10,000 kwa maumivu ya nyongo, akapata medali ya fedha katika mita 5,000, na bado alikuja. Ryun akasubiri. Aliyesubiri Keino achoke hakumwona akichoka.

Keino alimaliza kwa 3:34.9, amemwacha Ryun kama mita 20. Na mimi humhurumia Ryun kwa jambo moja: alimaliza kwa 3:37.8, haraka kuliko hesabu yake mwenyewe. Alijipima vizuri. Aliyemkosea kipimo ni Keino, aliyezaliwa na kukulia kwenye hewa ileile nyepesi.

Baada ya hadithi niliwatuma watoto wakimbie hadi kwenye reli na kurudi. Wa kwanza kufika alikuwa binti mmoja mwembamba. Nikamuuliza, uko ngazi ya ngapi?

"Kumi na…" akasema, akainama, akashika magoti. Saba yake ilikuja baadaye, alipokwisha kukaa.