Kutu: Adui wa Gari Kuukuu

Tangazo la kuuza gari la kifahari lililotumika kwa miaka mingi aghalabu husifu injini, rangi na viti. Ni nadra kutaja hali ya mabamba ya chuma, ingawa hayo ndiyo yanayoamua kama gari litadumu. Mfano mzuri ni magari ya BMW ya milango miwili, kama vile 2800 CS na 3.0 CS, yaliyotengenezwa Ujerumani kati ya mwaka 1968 na 1975. Bodi zake ziliundwa na kampuni ya Karmann. Injini yake ya silinda 6 ni imara, na ikichakaa huweza kufufuliwa kwa vipuri. Bodi ikishaliwa na kutu, gharama ya kuitengeneza yaweza kuzidi thamani ya gari zima.

Kutu hutokeaje?

Kutu si uchafu unaoganda juu ya chuma, bali ni chuma chenyewe kilichobadilika. Badiliko hilo huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Penye unyevu, atomu za chuma hupoteza elektroni na kuingia majini zikiwa ayoni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi mahali ambapo oksijeni na maji huzipokea. Hivyo bamba hugeuka kuwa betri ndogo inayojila yenyewe. Chumvi huongeza kasi, kwani maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Nchini Ujerumani chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu; katika mwambao wa Afrika Mashariki huletwa na upepo wa bahari.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huisukuma rangi na kufanya malengelenge. Tena ina vitundu vingi vinavyopitisha maji na hewa, nayo huendelea kula. Oksidi ya alumini, kinyume chake, hushikamana na kuukinga metali ulio chini yake. Hata hivyo, katika 3.0 CSL, iliyopunguzwa uzito kwa milango, boneti na buti za alumini, betri huweza kutokea pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi. Hapo alumini ndiyo inayoliwa.

Hatari iliyofichika

Gari hili halina fremu ya pekee. Bodi ndiyo inayobeba mzigo wote. Tena halina nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma, hivyo sakafu na boriti zilizo chini ya milango hufanya kazi kubwa zaidi. Boriti hizo zina uwazi ndani. Maji yakiingia hukawia kukauka, na kutu huanzia upande usioonekana. Lengelenge linapotokea juu ya rangi, huenda bamba limekwisha kutoboka. Ndiyo maana wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mnunuzi mwangalifu huchukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na kuipitisha juu ya bodi. Sumaku hunata penye chuma, wala hainati penye puti nene iliyozibia mashimo. Milango ya alumini nayo hainati, hata ikiwa mizima.

Kinga na jaribio

Mabati ya kuezekea hupakwa zinki, ambayo huliwa badala ya chuma. Katikati ya miaka ya 1970, Porsche ilianza kutumia mabamba yenye zinki katika bodi ya gari lake la 911.

Wanafunzi waweza kuthibitisha haya kwa misumari safi na chupa nne: moja yenye hewa kavu, ya pili yenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, ya tatu yenye maji ya kawaida, na ya nne yenye maji ya chumvi. Baada ya juma moja, wailinganishe misumari hiyo na kueleza ni upungufu wa kitu gani uliozuia kutu katika chupa mbili za kwanza.