Kumtumaini Mungu Katika Siku za Njaa

Huko Dabaso, kandokando ya hori ya Mida, karibu na Gede na Watamu, mkulima auona mwisho wa mwezi wa Machi kuwa ni wakati wa kutazama juu zaidi ya kutazama chini. Upepo wa kaskazi umelegea, kusi haujashika, na kila wingu litokalo baharini hutazamwa na watu wote. Ndani ya nyumba, katika uchaga ulio juu ya jiko, mahali moshi uzuiapo bungua wasitoboe nafaka, zimebaki pishi mbili tatu za mahindi. Hizo ndizo mbegu. Na watoto wana njaa. Je, mbegu zipikwe au zipandwe?

Swali hilo si fumbo la kupitishia wakati. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa mwaka 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na Kaunti ya Kilifi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Mwezi wa Septemba mwaka 2021 Serikali ya Kenya iliutangaza ukame huo kuwa msiba wa taifa. Mkulima aliyepanda mara ya kwanza na kupata hasara, akapanda tena na kupata hasara, hana budi kujiuliza maana ya kumtumaini Mungu wakati maombi ya mvua yanapojibiwa kwa jua kali.

Wakristo wa pwani hawakuanza juzi kuulizwa swali hili. Mwezi wa Mei mwaka 1844 Daktari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe, Rosina. Mwezi wa Juni alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa iliwaangusha wote wawili. Rosina alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache mama akafariki, na mtoto naye akafariki. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata ilikuwa taabu kwake kusimama.

Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Mtu huyu alikuwa ameacha kwao kwa ajili ya kazi ya Mungu, naye aliomba kama waombavyo wengine. Mungu hakumrudishia mkewe wala mtoto. Basi mtu akidhani kwamba imani ni biashara, kwamba atoaye sala hupewa hapo hapo alichokiomba, habari ya Krapf yatosha kumsahihisha. Alichopewa Krapf ni nguvu ya kuamka na kuendelea. Aliirudia kazi yake ya lugha, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, katika nchi ya Wamijikenda. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa wadhaifu kwa homa, lakini hawakuiahirisha safari. Miaka ikapita, na waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu, ambaye hakuishi sana baada ya kubatizwa. Krapf alirudi kwao kwa ugonjwa, bali Rebmann alibaki. Alikaa pwani muda wa miaka 29, akafiwa na mkewe, na mwisho macho yake yakapofuka. Alipoondoka mwaka 1875 aliacha nyuma yake kikundi kidogo tu cha waumini. Mtu apimaye kwa macho angesema kwamba kazi imeharibika. Lakini kutoka Rabai imani ilipita hata kwa Wagiriama, nao wakaipeleka mbele kwa miguu yao wenyewe.

Miongoni mwa Wagiriama hao alikuwa David Koi. Yeye na wenzake walikaa Fuladoyo, huko bara ya pwani hii, na watumwa waliotoroka mashamba ya mabwana zao waliwakimbilia. Watu wale hawakukaa wakingoja malaika awaletee chakula. Walijenga vibanda, wakafyeka msitu, wakalima, na wakasali. Kumpokea mtoro siku zile kulikuwa ni kuiweka roho rehani, maana wenye watumwa walidai mali yao kwa silaha. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Fuladoyo ilishambuliwa na David Koi akauawa. Yeye hukumbukwa kuwa miongoni mwa mashahidi wa kwanza wa Kanisa katika Kenya. Tumaini lake halikumwokoa na upanga, ila lilimfanya asiwafukuze wenye shida waliobisha mlangoni pake.

Kinyume cha hayo kilionekana katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi siku za karibuni. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, upande wa bara ya Malindi, yaligunduliwa makaburi ya watu walioambiwa, kwa mujibu wa habari zilizotolewa, kwamba wakijinyima chakula mpaka kufa watakutana na Bwana Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mingi ilikuwa ya watoto. Shauri hilo lilipelekwa mbele ya mahakama. Jambo linalomhusu kila muumini ni hili: njaa iliitwa imani, na wazazi waliwanyima watoto wao riziki wakiamini kwamba wanamheshimu Mungu aliyeiumba riziki hiyo.

Hapo ndipo pa kupambanua. Kufunga kwa Mkristo kuna kiasi chake na mwisho wake, na hakumpi mtu ruhusa ya kumfungisha mtoto mchanga. Maandiko yenyewe yatoa mfano ulio wazi. Yusufu, alipojua kwamba miaka saba ya njaa inakuja Misri, hakuwaambia watu wakeshe tu katika sala. Alijenga ghala, akaweka akiba katika miaka ya shibe, na kwa akiba hiyo akaokoa Wamisri pamoja na ndugu zake waliomuuza. Tumaini lake kwa Mungu lilionekana katika hesabu za nafaka.

Wakulima wa pwani nao wanayo njia ya kuitia imani yao mikononi. Ipo namna ya kilimo iitwayo Kilimo kwa Njia ya Mungu, iliyoanzia Zimbabwe katika miaka ya 1980 kwa mkulima Brian Oldreive, na ambayo chama cha Kikristo cha kutunza mazingira, A Rocha Kenya, chenye kituo chake Watamu, kimewafundisha wakulima wa pwani. Shamba halilimwi lote wala majani makavu hayachomwi. Mkulima huchimba mashimo kwa kipimo, hutia samadi, kisha huifunika ardhi kwa matandazo ili unyevu usikaushwe na jua. Mvua ikiwa chache, hiyo chache haipotei. Tena haifai kutegemea mahindi peke yake. Mihogo, mtama, kunde na pojo huvumilia pale mahindi yashindwapo. Na huko Dabaso wenyeji waliojiunga katika kikundi wamepanda mikoko, wamefuga kaa, na wamejenga mkahawa juu ya hori, wapate fedha hata mawingu yakipita bila kunyesha.

Asitokee mtu kusema kwamba kufanya hivyo ni kupungukiwa imani. Mwenye kufunika shamba lake kwa matandazo hajui kama mvua itakuja. Bali aliandaa mahali pa kuipokea.

Na lile swali la pishi mbili za mbegu? Mwenye nyumba akiachwa alijibu peke yake, kila jibu ni chungu. Akizipika, mwaka ujao hana kitu. Akizipanda, watoto watalala na njaa usiku huu. Ndiyo sababu halifai kuachiwa nyumba moja. Jirani mwenye unga wa ziada, kusanyiko la Jumapili, mwana aliye karani mjini na apataye mshahara, hao wakileta chakula cha mwezi mmoja, mbegu zitafika ardhini na watoto wataishi. Mara nyingi msaada wa Mungu aliyeombwa usiku huja asubuhi katika kikapu cha jirani. Basi anayesali mvua inyeshe na auangalie pia uchaga wake, na kama una ziada, asingoje kuombwa. Baada ya dhiki faraja, walisema wazee, na faraja hiyo yahitaji mtu wa kuichukua na kuifikisha.