Mbwa wa Msasi na Mkono Unaomfungua

Katika hadithi za mataifa mengi yumo mnyama mmoja ambaye waandishi humwita kila watakapo kumtia msomaji hofu, naye ni mbwa wa kusaka. Simba humrukia mtu mara moja, na nyoka humwuma aliyemkanyaga. Ama mbwa wa kusaka, yeye huandama. Hunusa nyayo, huvuka mto, hupoteza harufu akaipata tena, na mwenye kukimbizwa humsikia kwa mbali kabla ya kumwona. Hofu ya namna hiyo hukaa moyoni muda mrefu, na ndiyo maana waandishi waipenda.

Kisa kilichoenea kuliko vyote vya aina hii ni The Hound of the Baskervilles, alichokiandika Arthur Conan Doyle, kikatoka kwa mafungu katika gazeti la Strand la London tangu mwaka 1901 mpaka 1902. Sisi tukaao Sumbawanga huenda tukaielewa nchi ya kisa hicho upesi kuliko ndugu zetu wa pwani. Mambo yatukia Dartmoor, uwanda wa juu wenye majani matupu, miti michache, baridi na ukungu. Mtu aliyepata kutembea uwanda wa Ufipa alfajiri ya mwezi wa Julai, akasikia mbwa abweka ndani ya ukungu asijue yu mbele yake au nyuma yake, hana haja ya kufafanuliwa.

Katika kisa hicho mna ukoo wa matajiri ulioamini kwamba kwa ajili ya dhambi ya babu yao mmoja, mbwa wa kishetani awaandama kizazi baada ya kizazi. Bwana mkubwa wa ukoo akutwa amekufa nje ya nyumba yake, mwilini hana jeraha, na karibu naye pana nyayo za mbwa mkubwa mno. Watu wote wasema laana imetimia. Lakini Sherlock Holmes, mpelelezi, haridhiki. Mrithi wa marehemu aibiwa kiatu kipya hotelini. Baadaye kiatu kile charudishwa, na cha zamani ndicho kinachochukuliwa. Holmes afahamu kwamba mwizi hakutaka kiatu, alitaka harufu ya mguu. Mwisho yadhihirika kwamba mbwa yule ni mbwa kama mbwa wengine, amenunuliwa dukani London, amepakwa dawa ya kung'aa mdomoni, na mwenye kumfungua usiku ni jamaa wa ukoo ule ule autakaye urithi.

Njia hiyo ilifuatwa na mwandishi wetu wa Zanzibar, Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichopigwa chapa mwaka 1960. Mle hamna mbwa, bali mna maiti iliyokutwa kwenye mzimu, na watu walio tayari kuisingizia mizimu. Bwana Msa pamoja na kiko chake autafuta mkono wa mwanadamu, naye aupata. Napenda vijana wetu wavisome vitabu hivi viwili kwa pamoja, khasa katika mji huu ambao jina lake wenyeji hulifasiri kuwa ni kutupa uchawi.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maneno machache, lakini yafungua vitabu vingi. Chukueni tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1963, kisha akaitengeneza upya mwaka 1969. Antonio asimama peke yake mbele ya maiti ya rafiki yake, atabiri vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye avifananisha na mbwa watakaofunguliwa. Mbwa hao hawakujifungua. Kitambo kidogo tu baadaye twamwona Antonio huyo huyo akiwahutubia watu wa Roma, nao watoka pale wakiteketeza nyumba, hata wamwua mshairi asiye na hatia kwa kuwa jina lake lafanana na la mmoja wa wauaji.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya vitabuni tu. Mwaka 1803 jemadari Rochambeau wa Ufaransa aliagiza mbwa kutoka Cuba ili wawasake na kuwararua watu weusi wa Haiti waliokuwa wakipigania uhuru wao. Mbwa wale hawakumfaa, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ilikuwa huru. Bibi Harriet Beecher Stowe, katika Uncle Tom's Cabin cha mwaka 1852, aliwaonyesha Wamarekani mbwa waliofundishwa kuwafuata watumwa waliotoroka, wanawake wawili wakivizunguka vinamasi ili kuipoteza harufu yao. Na Mei 1963, katika mji wa Birmingham, Alabama, polisi waliwafungulia mbwa waandamanaji weusi waliodai haki, wakiwamo vijana wa shule. Picha zake zilienea duniani, na kila aliyezitazama aliangalia meno ya mbwa kwanza. Wachache walitazama mkono ulioshika kamba.

Sasa natugeuke upande wetu. Watoto wetu wengi waendapo chuoni jioni hubeba mawe ya kumpigia mbwa, na wakiulizwa husema dini imesema ni najisi. Habari ya najisi ina mlango wake katika fiqhi, na dawa yake ni maji na udongo, si jiwe. Hawajui kwamba katika Sahihi ya Bukhari mna habari ya aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Na hawajafikiri vema juu ya Sura ya Kahfi, ingawa huisoma kila Ijumaa.

Ebu waangalieni wale vijana wa pangoni. Hao ndio wenye kuandamwa. Nyuma yao wako watu wao, ambao Qurani yenyewe yataja kwamba wakiwapata watawapiga mawe au watawarudisha katika mila yao. Kama kisa hiki kingeandikwa na mmoja wa waandishi niliowataja, mbwa angalikuwa upande wa wenye kuwasaka, akinusa njia ya mlimani. Lakini mbwa yuko pamoja na wakimbizi! Amelala kizingitini, miguu ya mbele ameinyosha, na Mwenyezi Mungu atuambia kwamba lau mtu angaliwachungulia angaligeuka na kukimbia kwa hofu. Kitisho kipo, ila kimewekwa kuwalinda wanyonge. Tena watu walipobishana juu ya idadi yao, kwamba ni watatu, au watano, au saba, kila hesabu yamtaja na mbwa wao. Hakusahauliwa hata mara moja.

Hukumu ya mbwa wa kusaka nayo imo katika Sura ya Maida, na ufafanuzi wake katika hadithi ya Adi bin Hatim, aliyemwendea Mtume s.a.w. akamwuliza juu ya uwindaji. Aliambiwa kwamba akimtuma mbwa wake aliyefundishwa, akamtaja Mungu, na ale alichokamata. Ila mbwa akila katika mawindo, asile, kwani huenda mbwa amejikamatia nafsi yake. Hapo sheria imemtazama mwenye kutuma: alimfundishaje, na alimtuma kwa jina la nani.

Nayataja haya kwa sababu katika nchi yetu mna msako usio na mbwa. Mtu mmoja sokoni apiga kelele "Mwizi!", na mara umati waanza kukimbia, vijana mbele, bila ya kuuliza ameiba nini wala kwa nani. Au neno lanong'onwa juu ya kikongwe fulani ya kuwa ni mwanga, na ushahidi wote ni macho mekundu, ambayo wekundu wake ni moshi wa kuni wa miaka sitini. Wako wanawake waliouawa hivyo katika Tanzania hii. Na mwenye kunong'ona mara nyingi alikuwa na shamba alitakalo, kama yule jamaa wa Dartmoor na urithi wake.

Adi bin Hatim aliuliza tena: je, nikikuta mbwa mwingine pamoja na wangu, nisijue yupi kati yao aliyeua? Akaambiwa asile, kwa kuwa jina la Mungu alilitaja juu ya mbwa wake tu, wala hakulitaja juu ya yule mwingine. Nami nimewasikia watu wakirudi kutoka katika umati wa namna ile, na kila mmoja akisema kwamba jiwe lake halikumpata.