MWANA WA MWENYE MELI

Wenzangu wa Kidato cha Tatu hunitania ati mimi sina haja ya kuhangaikia mtihani, kwani baba ana duka la vipuri hapa Changamwe na siku moja litakuwa langu. Wao wadhani kurithi ni kukalishwa kitini tu. Lakini wapi! Hebu niwasimulie juu ya mzee mmoja aliyerithi meli.

Kila asubuhi tukija shule twapishana na matrela yaliyobeba makontena kutoka bandari ya Kilindini. Mengine yana nyota nyeupe yenye ncha saba. Nyota ile si pambo. Mnamo mwaka wa 1886, nahodha Peter Mærsk Møller wa Denmark aliiweka kwenye dohani ya meli yake, Laura. Mkewe Anna alikuwa ameugua sana. Nahodha akamwomba Mungu ishara, na katika usiku wa mawingu akaiona nyota moja. Mama akapona.

Mwaka wa 1904 nahodha huyo na mwanawe, A. P. Møller, walianzisha kampuni mjini Svendborg kwa meli moja ya mvuke, tena mtumba! A. P. alioa Mmarekani, na mwaka wa 1913 wakajaliwa mtoto wa kiume, Mærsk Mc-Kinney Møller. Huyo ndiye ninayemkusudia.

Mwaka wa 1940 alifanywa mshirika. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Wajerumani wakaivamia Denmark. Baba alibaki, mwana akaenda Marekani kuziangalia meli zilizokuwa nje. Fikiria kijana wa miaka 26, mzazi yuko mikononi mwa adui, bahari i katikati. Mwaka wa 1941 serikali ya Marekani ikazitwaa meli za Denmark zilizokuwa katika bandari zake. Basi akakaa huko hadi 1947.

Aliporudi, je, alikabidhiwa usukani? Thubutu! Baba aliushika mpaka alipofariki mwaka wa 1965. Mwana alikuwa mshirika kwa miaka 25, na siku aliyoachiwa kazi alikuwa na miaka 51.

Kuna jambo moja alilochelewa. Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 melini mwaka wa 1956, lakini meli ya kwanza ya makontena ya Mærsk, Adrian Mærsk, ilianza safari 1975. Wengine watasema alilala. Mimi sioni hivyo, maana mali ya babu haichezewi. Tena mwaka wa 1999, yeye akiwa mwenyekiti, kampuni yake ilinunua biashara ya makontena ya Sea-Land, ileile iliyoanzishwa na McLean!

Aliacha uongozi wa kila siku mwaka wa 1993 na uenyekiti mwaka wa 2003, akiwa na miaka 90. Alifariki mwaka wa 2012.

Nami kila Jumamosi niko dukani nikihesabu boliti na kufagia. Juzi nilimwomba baba ufunguo wa droo ya pesa. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, kwanza maliza kuhesabu."